Jezi ya kifaru kutoka Mlango Mmoja: hii Rochester ni timu gani, na imeshukia wapi?

Sangara Mkavu

Wakuu, heshima kwenu.

Jumamosi nilipita Mlango Mmoja, soko la mitumba hapa Mwanza, kutafuta suruali ya kazi. Mimi ni mtu wa soko la samaki la Mwaloni, nguo yangu ikimaliza mwezi mmoja kwenye dagaa hata mbwa wa jirani wananifuata. Nikakuta jamaa kafungua belo la jezi, watu wamelivamia kama kawaida. Nikavuta moja, njano na kijani. Muuzaji akaniwahi: "Hiyo Yanga ya zamani hiyo bosi, haipatikani tena. Elfu nane." Mimi Simba tangu tumboni, kidogo niitupe. Kuigeuza kifuani nakuta kichwa cha kifaru na neno Rochester. Nikamuuliza Yanga wamefuga kifaru mwaka gani? Akacheka, akashusha mpaka elfu tatu. Nikabeba, nikampelekea kijana wangu wa darasa la sita.

Balaa limeanzia hapo. Kijana anataka kujua timu yake iko nafasi ya ngapi. Nimefungua msimamo wa MLS, ligi kuu ya Marekani, timu ya Messi naiona, Rochester hakuna. Nikafungua ligi inayofuata chini, hakuna. Nikamwambia basi imeshuka daraja, mwakani itapanda. Akaniuliza, "Baba, imeshukia wapi?" Nikajifanya napokea simu.

Wenye kujua nisaidieni. Imeshukia wapi hii timu? Na ilishawahi kuwa ya maana, au nimemvalisha mtoto sare ya kiwanda?

---

Kiloleli Juu

Mkuu hiyo ni kampuni ya ulinzi. Kifaru kifuani, njano, kijani... baba wa watu umemnunulia mtoto sare ya kukaa getini 😂

---

Kamanga Feri

Sangara, achana na huyo wa Kiloleli. Hiyo jezi kama ni yenyewe, umeokota mali kwa elfu tatu.

Ni Rochester Rhinos. Mji wa Rochester uko jimbo la New York, lakini usifikirie yale maghorofa ya kwenye sinema, hiyo New York nyingine iko mbali na pale, mwendo wa siku nzima ya basi. Rochester iko jirani na ziwa Ontario. Nimeishi pale miaka mitano, nilifika 2004 kwa masomo, na chakula nilikipata kwa kuosha vyombo kwenye mgahawa. Siku ya kwanza nimepelekwa ufukweni nikakaa kimya. Maji mpaka macho yanachoka, ng'ambo huoni, ndege weupe wanapiga kelele. Nikasema hapa ni Bwiru yetu ya Mwanza kasoro mawe. Ikaja Desemba nikafuta kauli.

Sasa timu. Ilianza 1996, mwaka ule ule ambao MLS yenyewe ilianza na timu 10. Rhinos hawakuwa MLS, walikuwa ligi ya chini yake, ikiitwa A-League. Jina lao la mwanzo lilikuwa Raging Rhinos, yaani vifaru waliopandwa na hasira. Walikuwa wanachezea kwenye uwanja wa besiboli katikati ya mji, nao ulifunguliwa mwaka huo huo. Uwanja wa besiboli umekaa vibaya kwa mpira wetu: majukwaa yamejikunja kwenye kona moja, upande wa pili unatazama ukuta. Ukikaa, mbele yako unaona mnara wa Kodak. Ndiyo, Kodak ile ile ya filamu za picha. Ni kampuni ya mji huo, na mwanzoni mwa miaka ya 80 iliajiri watu kama 60,000 pale Rochester peke yake. Kila mtu uliyekutana naye, baba yake au shangazi yake alikula mshahara wa Kodak.

Katika mji huo, timu ya ligi ya chini ilikuwa inajaza watu zaidi ya 10,000 kwa wastani kila mechi kuelekea mwishoni mwa miaka ya 90. Kulikuwa na timu za MLS zilizokuwa zinautamani umati huo.

Halafu ikaja 1999. Wamarekani wana kombe linaitwa U.S. Open Cup, linachezwa tangu 1914, linafanana na Kombe la Shirikisho letu: wakubwa na wadogo wote wanaingia chungu kimoja. Rhinos wakapangiwa Chicago Fire, waliokuwa mabingwa watetezi wa kombe lenyewe. Wakawatoa. Wakaja Dallas Burn, wakawatoa. Nusu fainali Columbus Crew, wakawafunga 3-2. Fainali wakakutana na Colorado Rapids, ikaisha 2-0, mabao ya Doug Miller na Yari Allnutt, kocha Pat Ercoli. Hesabu vizuri mkuu: timu nne mfululizo, zote za ligi kuu. Toka siku hiyo mpaka leo hakuna timu ya nje ya MLS iliyolibeba tena lile kombe. Charleston Battery walifika fainali 2008 wakafungwa, Sacramento Republic wakafika 2022 wakapigwa 3-0 na Orlando City.

Mimi 1999 nilikuwa Mwanza nasoma. Hayo nimeyapata kwa mzee mmoja wa Kiitaliano niliyekuwa naye kwenye sinki la vyombo. Alikuwa akianza kusimulia fainali ile, maji yanapoa na sahani zinajaa, bosi anatukodolea. Na alikuwa hamalizii hapo. Akimaliza Rhinos anarudi nyuma kwenye Rochester Lancers, timu ya zamani ya mji, mabingwa wa NASL, ligi kuu ya kule ya zamani, mwaka 1970. Mwaka uliofuata walicheza na Dallas nusu fainali, sheria ya wakati huo ikiwa muda wa nyongeza unarudiwa mpaka mmoja apate bao. Mechi ikaenda dakika 176! Carlos Metidieri ndiye aliyewaokoa watu wakalale. Na pamoja na jasho lote hilo, mechi zilizofuata Dallas wakashinda na kubeba ubingwa. Mzee akifika hapo alikuwa anatupa kitambaa ndani ya maji.

Kwa hiyo mwambie kijana timu yake ni ya maana. Hilo la imeshukia wapi nitarudi jioni, nipo kivukoni hapa na gari linataka kuingia.

---

Mzee Kawekamo

Vijana wangu, hamjambo.

Nimesoma kwa makini maana mpira wa mji wa ziwa naujua. Sisi tuliokuwa tunaingia uwanja wa Kirumba kwa ajili ya TP Lindanda, yaani Pamba, tunaelewa maana ya mji kuwa na timu. Pamba ilizaliwa na zao, na zao lilipokuwa na afya timu ilikuwa na afya. Ginneri zilipoanza kukaa kimya, timu nayo ikaanza kukohoa. Nikisikia Kodak na hao vifaru, najua hadithi inaelekea wapi kabla hujaniambia.

Lakini Kamanga, kuna kitu hakiingii kichwani. Wamewafunga timu nne za ligi kuu kwa mpigo. Wana mashabiki 10,000. Kwa nini hawakupanda? Hapa kwetu Mbao FC walipomtoa Yanga pale Kirumba 2017 na kwenda fainali Dodoma, wakafungwa na Simba 2-1 kwa muda wa nyongeza, walikuwa tayari wameshapanda ligi kuu. Hao wa kwako walikosa nini?

---

Kamanga Feri

Shikamoo Mzee. Umeuliza swali lililonisumbua miaka mitano.

Kule hakuna kupanda wala kushuka. Hakuna kabisa. Timu ya mwisho MLS mwakani inaanza tena MLS, na bingwa wa ligi ya chini anapewa kombe lake anarudi nyumbani. MLS ni kampuni moja, wenye timu wana hisa ndani yake. Ukitaka kuingia huleti pointi, unaleta hela na uwanja. Kwa hiyo Sangara, jibu la kijana ndilo hilo: haikushuka. Isingeweza kushuka hata ingetaka.

Rhinos walichukua ubingwa wa A-League 1998, 2000 na 2001. Kwa mfumo wetu wangekuwa wameshapanda zamani. Kwa mfumo wao walichoweza kufanya ni kujenga uwanja na kusubiri mlango ufunguliwe. Na waliujenga. PAETEC Park, ulifunguliwa Juni 2006, viti zaidi ya 13,000, wa mpira wetu huu, si wa kuazima kwenye besiboli. Nilikuwepo msimu ule. Tulikwenda na Wasomali wawili na Mrundi mmoja, tumevaa makoti mwezi wa sita huku wenyeji wako kaptula. Mzee wa sinki alikuwa amekata tiketi ya msimu mzima. Akaniambia, miaka miwili tu, utaona, tutacheza na timu za ligi kuu hapa bila kusubiri kombe.

Mwaka uliofuata MLS ilifungua mlango kweli, ikaingia Toronto, ng'ambo ya ziwa hilo hilo! Ada ya kuingia ilikuwa dola milioni 10. Toronto wana jiji kubwa na matajiri wakubwa. Rochester walikuwa na uwanja mpya wenye deni. Ni kama mjenge gati zuri hapa Kamanga, mpake rangi, halafu meli iteremshe watu Kisumu.

Mwanzoni mwa 2008 deni likawashinda wenye timu, wadai wakachukua mali, akaja mmiliki mwingine. Jina la uwanja likabadilika, likabadilika tena. Kuna wakati uliitwa jina la kampuni ya soseji, sikutanii. Mimi niliondoka 2009. Ile Kodak ikaomba ulinzi wa mahakama dhidi ya wadai Januari 2012. Sisemi Kodak ndiyo iliyoiua timu, maana kulikuwa na hesabu mbovu zake yenyewe, lakini mji uliokuwa unakata tiketi kwa mshahara wa kiwanda ulikuwa unahesabu senti.

Ila vifaru wana roho ngumu. Mwaka 2015 wakiwa na kocha Bob Lilley walipoteza mechi moja tu msimu mzima wa kawaida, wakaenda fainali ya USL, ligi yao ya chini ya wakati huo, wakawafunga LA Galaxy II 2-1 kwa muda wa nyongeza, nyumbani. Mabingwa. Miaka miwili baadaye, Novemba 2017, wakatangaza kwamba mwaka 2018 hawachezi. Mzee Kawekamo, unaona ilivyo? Hawakufungwa na mtu. Walikaa tu nje.

---

Dada wa Bwiru

Kaka Kamanga umesimulia vizuri ila umewaacha wanawake nje ya geti kama kawaida yenu.

Uwanja huo wa soseji (Sahlen's Stadium) ndio ulikuwa nyumbani kwa Western New York Flash. Mwaka 2011 walikuwa na Marta wa Brazil, Christine Sinclair wa Kanada na Alex Morgan akiwa bado binti mdogo, wote kwenye kikosi kimoja, wakachukua ubingwa wa ligi ya wanawake ya WPS kwa penalti, kwenye uwanja huo huo, mbele ya watu zaidi ya 10,000. Abby Wambach, yule wa mabao 184 ya timu ya taifa ya Marekani, ni mzaliwa wa Rochester. Flash wakabeba tena ubingwa wa Marekani 2016 katika ligi mpya, NWSL. Na wao yakawakuta: mwaka uliofuata timu ikauzwa, ikahamia North Carolina na kubadilishwa jina. Bingwa anafungashiwa virago na kombe lake mkononi.

Mimi nafundisha mpira wa wasichana hapa, huwa nawaonyesha video za Marta. Hawaamini nikiwaambia alikuwa anachezea kwenye mji wa pembeni mwa ziwa kama huu.

---

Kiloleli Juu

Nimeacha utani, nimesoma yote. Lakini mbona mnawasikitikia kama msiba wa shangazi? Huu mfumo wao ni wa kihuni. Kwetu ukifungwa unashuka, unajua umekosea wapi, unajipanga. Pamba walishuka 2001 wakarudi 2024 wakiwa Pamba Jiji. Miaka 23! Lakini walirudi kwa miguu. Kule hata ukiwa bora kuliko wote unabaki ulipo mpaka hela ziishe. Bora kushuka.

---

Mzee Kawekamo

Kijana wa Kiloleli, taratibu. Unasema miaka 23 kama mtu anayesema wiki tatu. Mimi katika miaka hiyo nimezika marafiki niliokuwa nakaa nao jukwaani, na hawakuiona siku ya kurudi. Mechi ya ligi ya chini pale uwanja wa Nyamagana tulikuwa tunahesabiana: mimi, muuza karanga, polisi wawili. Toto Africans, timu nyingine ya hapa, walishuka 2017. Mbao na Alliance wakashuka pamoja 2020, mji mzima ukabaki bila timu ya ligi kuu. Ngazi ipo, sikatai. Lakini ngazi hailipi nauli ya basi la timu kwenda Songea.

Ninachokubali ni hiki: tulipokuwa huko chini tulikuwa na cha kuulizana kila Agosti. "Mwaka huu vipi?" Hao vifaru hata swali hilo waliporwa. Kamanga, malizia. Walikaa nje 2018, halafu?

---

Kamanga Feri

Halafu kimya kirefu, Mzee. Mpaka Juni 2021, ndipo akatokea mtu ambaye hakuna aliyemtegemea: Jamie Vardy. Ndiyo, yule wa Leicester, aliyeanzia timu za mitaani akaja kuwa bingwa wa Uingereza 2016. Akanunua sehemu ya timu. Mzee wa sinki alinipigia simu usiku wa manane wa huku, amesahau saa, anapiga kelele. Nikamwambia mzee wangu, sisi tumelala. Akasema amka.

Mwishoni mwa mwaka huo wakabadilisha jina, wakaitwa Rochester New York FC. Jina la kifaru likaenda. Mzee akanuna. 2022 wakaingia kwenye ligi mpya ya MLS Next Pro, ambayo wakati huo ilikuwa ligi ya timu za akiba za MLS. Yaani timu zote nyingine zilikuwa watoto wa wakubwa, Rochester peke yao hawakuwa na baba. Na ule uwanja waliojijengea hawakuupata tena, wakachezea kwenye uwanja wa chuo.

Walicheza msimu huo mmoja. Machi 10, 2023, wiki chache kabla ligi kuanza, wakatangaza wanafunga duka. Miezi miwili baadaye MLS ikatangaza timu mpya ya San Diego, ada ya kuingia dola milioni 500. Kutoka milioni 10 za Toronto. Hapo ndipo nilipoelewa kwamba mlango waliokuwa wanausubiri haukufungwa ghafla, ulikuwa unapanda juu mwaka hadi mwaka, kama dari.

Kiloleli, juu ya mfumo upo sahihi na Mzee yupo sahihi. Mimi nimekaa miji yote miwili. Ila sitaki useme walibaki pale pale mpaka hela zikaisha kama watu waliokaa tu. Kuna watu walikuwa wanaacha kazi saa 11 jioni wanakwenda kwenye baridi kuitazama timu inayojulikana haiendi popote, na walikuwa wanaimba.

Sangara, ombi moja. Nyuma ya jezi kuna jina au namba? Na kile kifaru ni cha kushonwa au cha kubandikwa? Cha kubandikwa kina thamani kwangu kama kimetunzwa. Nipo tayari kukupa elfu thelathini, na kijana namnunulia jezi ya Simba mpya, ya dukani.

---

Sangara Mkavu

Kaka Kamanga, Mzee, dada, asanteni sana. Nimemsomea kijana uzi wote mpaka umeme ukakatika. Sehemu ya dakika 176 ameniomba niirudie mara mbili. Kuhusu kushuka amesema, "Kwa hiyo baba ulinidanganya." Nikakubali.

Nyuma kuna namba 9, jina hakuna. Kifaru ni cha kubandikwa. Nasema "ni" lakini kwa kweli nilipaswa kusema "kilikuwa". Jana mama yake aliifua, akaipiga pasi ya mkaa akijua ni shati la shule. Pembe imebaki kwenye pasi. Kilichobaki kifuani ni kama kiboko anayecheka. Mimi nilikasirika, ila kijana ameivaa hivyo hivyo kaenda nayo mazoezini Nyamagana, na wenzake wameshaanza kumwita Kiboko.

Kwa hiyo elfu thelathini zimeungua kaka. Ila jezi ya Simba ya dukani kama bado ipo kwenye mazungumzo, kijana anavaa saizi ya miaka 12.

---

Kiloleli Juu

Majangili wamefika mpaka Mlango Mmoja 😂😂

---

Kamanga Feri

Usiifue tena. Jumapili napita Mwaloni kuchukua dagaa, niwekee debe moja na uje na hiyo jezi niipige picha, nimtumie mzee. Na hiyo pembe ikibanduka kwenye pasi usiitupe.